Nyasi Nisizong'oa

Mvua ya kwanza ikilowesha vumbi la Kahama, ninakoishi sasa, harufu yake hunirudisha kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Geita. Kati ya mawe yake yalichipua maua ya mwituni yenye majani membamba kama sime: mekundu ya moto, ya njano yenye madoadoa, na ya buluu, madogo, yaliyofunguka asubuhi na kunyauka kabla ya saa sita. Baadaye nilijisomea mwenyewe kwamba yote ni ya jamaa ya airisi. Wakati ule nilijua tu kwamba ya buluu hatukuyaona kwenye kilima kingine chochote, na Mama alikuwa ameyatafuta.

Masika moja wachimbaji walifungua maduara, mashimo yao ya dhahabu, pale juu, kilima kikaanza kuliwa kutoka kileleni. Mama alichukua jembe na karai akapanda kilimani kuyahamisha maua. Nilimfuata hatua kadhaa nyuma; hofu ninayo tangu utotoni. Mchimbaji mmoja, vumbi limempaka mpaka kope, alimtazama akifukua viazi vya maua.

“Mayu, hivyo viazi vina dhahabu?” akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Marahaba,” Mama akajibu, ingawa hakuwa ameamkiwa.

Wenzake walimcheka. Akashusha sururu. “Shikamoo, Mama.” Kuanzia hapo, kila alipokuta kiazi cha ua alikiweka kando, juu ya jiwe.

Tuliyapanda kwenye ngitili ya Babu, malisho ambayo ng'ombe hawaingizwi mpaka kiangazi. Mimi nilitaka mistari iliyonyooka, nikaanza kung'oa nyasi zilizoharibu safu ya buluu. Mama alinishika mkono.

“Acha, Shija. Jani kabla halijatoa ua, utajuaje kuwa ni nyasi?”

Mvua zilizofuata, mekundu yalichanua, na ya njano machache. Ya buluu hayakuchanua. Mama aliendelea kwenda kuyatazama kila msimu, hadi alipofariki.

Leo kilima ni shimo lenye maji ya kijani. Safu ile ya buluu niliihamishia hapa uani, pamoja na udongo wake na kila jani lililokuwemo. Mimi ni mtu wa kurudia kufagia palipokwisha kufagiwa, ninayeshindwa kulala kiatu kikikaa upande. Lakini kando ya ukuta pana magugu yanayofika magotini.

“Shija, utatufugia nyoka,” hulalamika jirani yangu, Mama Neema.

Humwahidi kwamba nitayakata, kisha siyakati. Mvua zikianza huamka mapema, nikayafunua jani kwa jani nikitafuta buluu, kabla jua halijapanda.