Sare ya Twidi Iliyonifikisha Katikati ya Uwanja

Mkitaka kunicheka nichekeni sasa hivi tuyamalize, kwa sababu nikifika katikati nitahitaji huruma yenu. Mwenzenu mimi, mama mtu mzima, ninayehudumia wazee huku Barking, London, na kuaminiwa na watu (katibu wa kikundi cha kina mama, tafadhali), nimejitia aibu mbele ya umati wa Waingereza na farasi wao, na aibu yenyewe nilijishonea kwa fundi nikapimwa na kiuno.

Ilianza na koti. Binti yangu Rehema ana miaka kumi na mmoja na anapenda farasi kuliko anavyotupenda sisi (Baba Rehema hukataa, lakini ajiulize yeye alipigwa brashi lini). Kila Jumamosi nampeleka kwenye zizi moja pembezoni mwa London anakojifunza kupanda, na mwaka huu mwalimu wake akasema mtoto yuko tayari kwa mashindano. Si ya mbio, msije mkafikiria mbio, haya ni ya kuonyesha: mtoto anampitisha poni wake, yule farasi mdogo, mbele ya jaji, jaji anaangalia poni katunzwaje, ana adabu gani, na aliyempanda kavaaje. Nilipofika hapo kwenye kuvaa, moyo ukanidunda kwa furaha, maana farasi siwajui lakini nguo nazijua.

Mwalimu akaeleza: koti la twidi, ile sufu nzito ya Kiingereza, kahawia au kijani kilichopoa, likae mabegani sawasawa, mikono iishie kwenye kifundo cha mkono. Na Rehema, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hunijibu kwa Kiingereza siku zote, akaniambia tukiwa kwenye treni, "Mama, mimi nataka tu kufanana na wenzangu. Watu wasiniangalie mimi, wamwangalie Biskuti." Biskuti ndiye poni. Sasa, pale zizini mtoto mweusi ni yeye peke yake, kwa hiyo nilimwelewa mpaka kwenye mifupa, na nikamwapia palepale kwamba siku hiyo hakuna atakayemkodolea macho.

Tukaenda duka la nguo za wapanda farasi. Koti la kwanza lilimkaa kiunoni lakini mikono ikameza vidole vyote. La pili mikono sawa, kifungo hakifungi. La tatu lilikuwa na mistari ya zambarau, nikalipenda mimi, yeye akalirudisha kabla sijafungua mdomo. Nikatoa hoja yetu ya tangu enzi, chukua kubwa utakua nalo, na yule muuzaji akanitazama kama nimemtukana, akasema jaji huona hata upana wa kidole uliozidi. Basi nikasema potelea mbali, kwani mafundi wameisha?

Jumapili nikapanda treni mpaka Southall, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake bado kinachemka. Akanishushia jora la twidi ya kijani ya majani makavu, lina uzi mwembamba wa kahawia, jamani, niliishika ile sufu nikakataa kuiachia. Mtoto alihitaji mita mbili hata hazifiki. Mzee akapima, akaona kilichobaki ni mita nne tu, akaniambia, "Mama, chukua yote, nitakupea bei ya jamaa. Hii ukiacha nusu utakuja kulia." Nikachukua yote. Hapo ndipo nilipoteleza, ingawa wakati ule niliona nimewahi bahati ya mwaka.

Fundi wangu ni dada Mwanahawa, Mzanzibari, anashonea sebuleni kwake hapa hapa Barking. Koti la Rehema alilikata likatoka kama limechorwa mwilini. Halafu akakunjua kilichobaki, akaniuliza, "Hichi kilobaki tukifanyeje, dada?"

Nanyi mnatujua. Kwetu mtoto akiwa na siku yake, iwe kipaimara, iwe mahafali, mama anavaa sare naye, la sivyo watu watauliza huyu mtoto kaletwa na nani. Mdomo ukajibu wenyewe, "Nishonee na mimi. Koti na sketi."

Nikaificha ili iwe mshangao. Baba Rehema peke yake ndiye aliyeiona, akaniuliza, "Na Biskuti je, umemshonea?" Nikamwambia wivu tu huo, na siku yenyewe yeye akaenda zamu yake kazini, nikabaki bila mtu wa kunishika mkono.

Siku ikafika, jua la London limejitokeza kama limealikwa. Uwanja wenyewe ulikuwa ugenini, mbali na zizi letu; Rehema na mwalimu wake wakakimbilia mabandani kumtayarisha poni, mimi nikavua koti langu la mvua, nikaweka kofia yangu ya manyoya pembeni kidogo, nikajitembeza kandokando ya uwanja nimetoka twidi juu mpaka chini. Watu wakaniinamishia vichwa! Wananipisha njia! Nikajisemea kumbe Waingereza nao wanajua kuheshimu mzazi wa mwenye shughuli.

Mara akaja baba mmoja mrefu mwenye beji kifuani, anahema, akasema, "Asante Mungu umefika, mama, tunakusubiri wewe tu. Twende." Mngekuwa ninyi mngefikiria nini? Mimi nilifikiria ni kama kwetu, mzazi anapoitwa mbele. Akanipa ubao wenye karatasi na penseli (nikadhani ni ratiba), akainua kamba, nikaingia mpaka katikati ya uwanja, na watoto saba juu ya poni wao wakaanza kunizunguka taratibu. Rehema alipopita mbele yangu akanitumbulia macho, uso umebadilika. Nikampungia. Nilidhani ni furaha, jamani, nilidhani ni ule mshangao niliomwandalia.

Wakazunguka, wakaenda mchakamchaka, wakarudi kutembea. Yule baba mwenye beji akaniinamia akauliza kwa adabu, "Nani tumwite mbele kwanza?"

Swali gani hilo kumuuliza mama mzazi? Nikanyoosha kidole bila kupepesa. "Yule! Wa koti la kijani!"

Akamwita Rehema, na watu nje ya kamba wakaanza kupiga makofi, kwa sababu (haya nimekuja kuyajua baadaye) anayeitwa kwanza ndiye aliyependwa na jaji kuliko wote. Mimi nilichokiona ni mwanangu amesimama mbele ya watoto wote, koti limemkaa, watu wanampigia makofi, mtoto ambaye nilimzaa kwa tabu na nikamlea kwa zamu za wikiendi, furaha ikanipanda kifuani, nikashindwa kuizuia. Nikaachia kigelegele. Kirefu, cha harusini, na ulimi ukizunguka.

Farasi hawajui vigelegele, ndugu zangu. Poni mmoja akaruka kamba na mtoto wake juu, akaenda kusimama kwenye meza ya chai, na mbele yake palikuwa na keki ya limau (nasema palikuwa, maana aliimaliza). Wawili wakageuka wakagongana makalio. Biskuti akasimama kwa miguu ya nyuma, Rehema akashika shingo, akashika, na kwa Kiswahili safi ambacho sijakisikia kwake tangu chekechea akapiga kelele, "Mama, nyamaza!"

Uwanja mzima ukanyamaza badala yangu. Kiswahili hawakijui, lakini "mama" ni mama kila mahali. Yule baba mwenye beji akaangalia koti langu, akaangalia la Rehema, uzi uleule wa kahawia, akarudi kwangu, na wakati huohuo getini akaingia bibi mwembamba anakimbia, tope mpaka magotini, amevaa twidi, analalamika kuhusu foleni ya magari. Jaji wa kweli, ambaye mimi nilidhaniwa ndiye. Nikasikia mama mmoja nyuma ya kamba akisema, "Yaani kamchagua mtoto wake mwenyewe?" Nilitamani ile twidi inimeze na vifungo vyake.

Nikarudisha ubao, nikaomba radhi mara sijui ngapi, wakaanza upya. Lakini Biskuti alikuwa bado anatetemeka, hakutaka kusimama hata sekunde, na Rehema macho yalikuwa mekundu na kila mtu pale alikuwa anamwangalia yeye, yeye aliyeniomba kitu kimoja tu. Akashika nafasi ya saba kati ya saba. Kwenye treni nilimwambia, nikijua atanikatalia, "Basi mwanangu, mashindano yajayo nitabaki nyumbani." Akasema, "Sawa." Iliniuma, nisiwafiche, lakini nilistahili.

Mashindano yaliyofuata akaenda na baba yake. Mimi nilibaki napiga pasi mashuka ambayo yalishapigwa pasi, nikiangalia simu kila dakika. Mchana mlango ukafunguka, Rehema akaingia na koti lake na utepe wa njano, wa nafasi ya tatu, ameushika kwa mikono miwili. Nikaruka, nikakumbuka, nikaziba mdomo kwa kiganja mpaka machozi yakanitoka.

Akanitazama hivi, akafunga mlango nyuma yake, akaangalia kama dirisha limefungwa.

"Hapa piga tu, Mama," akasema. "Farasi hayupo."

Jirani aligonga ukuta mara tatu, mimi bado naendelea.