Kimea Chini ya Kitanda

Ukilowesha choroko jioni, asubuhi unazikuta zimenona kama mtoto aliyenyonya akashiba. Unamwaga maji, unazifunika, unazisahau. Siku ya pili ngozi inapasuka. Siku ya tatu kila moja imetoa mkia mweupe, na ukikaa nazo nyumba ikiwa imetulia, utaapa kwamba zinajongea, ingawa huwezi kuzikamata zikijongea. Nimezitazama hivyo kwa masaa mengi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu wenye kazi. Mwanga ulipenya kwenye shitingi, lile turubai la plastiki la paa, ukawa wa buluu, kila kitu ndani kikawa kama kiko chini ya maji: godoro, jerikani, binti yangu amelala, na mimi nimepiga magoti kando ya kitanda nikiangalia mbegu.

Ujuzi huo niliuchukua Mbarara. Nasema niliuchukua, maana hakuna aliyenipa. Nilikuwa nimemaliza sinia foo, kidato cha nne cha Uganda, nimeolewa kanisani, na cheti changu kilikuwa kimelala ndani ya Biblia bila faida. Nikaenda mjini kuosha vyombo kwa mama mmoja wa Uganda aliyekuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia ale mbegu zilizoota. Basi dirishani jikoni kulikuwa na chupa tatu za kioo, midomo imefungwa kwa kipande cha pazia na mpira, na kazi yangu ilikuwa kuzisuuza asubuhi na jioni. Aliniambia siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Weye Mukongo, hiyo si chakula yako. Hiyo dawa yangu."

Nikala dawa yake. Kiganja asubuhi, kiganja jioni, nimesimama dirishani nikitazama ng'ombe wa pembe ndefu wakipanda kilima pole pole kama hawaendi popote. Zilikuwa na ladha ya njegere mbichi na kitu kingine kama harufu ya ardhi kabla ya mvua. Tumbo langu lilipoanza kuonekana, aliniambia mfanyakazi mwenye mimba hamhitaji. Alipekua mfuko wangu mlangoni. Hakupata kitu. Nilichobeba hakikuwa kwenye mfuko.

Nikarudi Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, kwenye nyumba ya udongo niliyokaa na mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa upande wa Oruchinga akilima mashamba ya wenyeji, anakuja mara moja kwa mwezi, analala kama gogo, anaondoka. Mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa kuliko kanisa lenyewe. Kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka, kiti chake mbele kabisa upande wa wamama. Ilipofika Meza ya Bwana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sahani ya mkate. Kwa mambo mengine alikuwa mkimya. Nilimwogopa, na kwa sababu nilimwogopa nilimkasirikia.

Binti yangu alipokaribia mwaka mmoja, malaria ilinishika na maziwa yakakauka. Nikabaki na mgao: mahindi, maharage, mafuta, na miezi mingine mtama. Uji mwepesi aliunywa, lakini ule ulikuwa maji yenye rangi. Uji mzito aliutema, akanitazama kama mimi ndiye niliyemkosea. Kliniki ya Base Camp walimzungushia mkononi ule utepe wenye rangi wa kupima kama mtoto amekonda. Ukaishia kwenye njano. Kijani ni salama, nyekundu ni ile ambayo hakuna mama anayetaka kuisema. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nilijua watoto wawili wa kijiji chetu waliofika kwenye nyekundu. Sikuwaona tena.

Walituita pia kwenye semina ya lishe. Tukaambiwa tuwape watoto maziwa, mayai, samaki, na maini mara moja kwa wiki. Niliuliza maini hayo yanagawiwa foleni gani. Wenzangu walicheka, mwalimu wa semina akacheka pia, kisha wakatugawia soda, tukaenda nyumbani.

Hasira ile ndiyo iliyonikumbusha darasa la biolojia. Tulikuwa tumechora mbegu inayoota kwa penseli, na mwalimu akasema mbegu ikiamka inaanza kujisagia chakula chake yenyewe. Nikafikiri: kama inajisagia, basi inisagie na mimi.

Nilinunua choroko sokoni Rwekubo, kiasi cha vikombe viwili, na nikachukua mtama wa mgao. Choroko niliziloweka ndani ya sufuria, mtama ndani ya kipande cha gunia lenye unyevu, vyote chini ya kitanda, fasi yenye giza ambako kuku hawafiki. Maji ya kusuuzia nilimwagia lengalenga, mchicha wetu wa nje, maana maji ya foleni hayatupwi. Kiganja cha choroko kilijaza bakuli. Nilizikaanga kidogo na kitunguu na chumvi, nikala na mama mkwe. Za mtoto nilizichemsha sana nikaziponda. Mama mkwe alizila kama mtu anayefanyiwa jambo asiloweza kulikataa, ila bakuli lilirudi tupu.

Mtama ulipoota niliuanika hadi ukakauka kabisa, nikausugua mikia yote ikang'oka, nikapepeta, nikasaga kwenye jiwe. Siku ya kwanza nilipika uji mzito hadi mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Nikautoa motoni, ukapoa kidogo, nikatia kijiko kimoja cha unga ule wa kimea. Nikakoroga. Mwiko ukalala.

Sijui niseme vipi. Uji ulioweza kubeba mwiko ulilegea mbele ya macho yangu, ukawa laini, ukatiririka, na sikuwa nimeongeza hata tone la maji. Niliurudisha motoni ukachemka tena. Binti yangu alikunywa kikombe kizima. Akapumua. Akanywa tena. Nilimshika mapajani nje ya mlango, ziwa likiwa kule chini limelala kama shuka iliyoanikwa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Haikudumu. Ulikuwa umepita muda mfupi tu, siku tano au sita, wamama wa kanisa walipofika watatu mchana, wakiimba tangu njiani, mwenyekiti wao mbele. Waliomba. Kisha mwenyekiti akainama, akavuta gunia la mtama mpya kutoka chini ya kitanda, akalifunua. Choroko hawakuzijali. Mtama wenye mikia waliujua wote.

"Hii ni kimea," alisema.

Nikasema ni chakula ya mtoto.

"Mutoto yako anakunywaka pombe?"

Wenzake waliangalia chini. Kwetu kimea kina njia moja tu: kinaenda kwenye chungu, kinatoka pombe. Na katika kanisa letu anayepika pombe na anayeinywa wote wanakaa benchi ya nyuma, hawaigusi Meza. Hukumu ilikuwa imeshaandikwa kabla hawajabisha hodi. Nikimwage kile kimea chooni siku hiyo hiyo, na Alhamisi nije kwenye mkutano wa wamama nipige magoti nitubu.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akikimwaga, basi na mtoto ambebe yeye kumpeleka kliniki, na utepe ukifika nyekundu aimbe huo wimbo aliokuja nao. Mmoja wao akasema huyu mtoto wa shule ana mdomo mrefu. Ni kweli, ninao.

Mama mkwe hakunitetea. Alinyoosha kitambaa chake kichwani, akasema kiachwe mpaka Alhamisi, yeye mwenyewe atakilinda aone kinageuka kitu gani. Mwenyekiti akakubali mara moja. Nani angemtilia shaka yule?

Mimi nilimtilia. Nilijua, kwa uhakika wote wa mtu aliyekosea, kwamba ndiye aliyeniuza. Siku mbili sikumsemesha. Alitandika mkeka kando ya kitanda akakaa pale kama askari wa geti, miguu imenyooka mbele, na gunia liko pembeni yake. Nyumba ilikuwa kimya mno hata nilisikia matone ya maji yakinywewa na udongo. Mchana ulikuwa mrefu. Kuku aliingia akatoka. Binti yangu alitambaa akaenda kumlalia mapajani, naye akamwacha.

Siku ya tatu nilikuwa mlangoni nikichambua mchanga kwenye maharage. Nikamwona ameingiza mkono kwenye gunia. Aliugeuza mtama kwa mgongo wa vidole, wa chini ukaja juu, wa juu ukaenda chini, ili joto lisikusanyike. Akanusa. Akachovya vidole kwenye kikombe cha maji akanyunyiza, kidogo tu, kama mtu anayemnyunyizia mgonjwa usoni. Mimi sikuwahi kumfundisha. Na mikono ile haikuwa inajaribu.

"Unachelewa kuanika," alisema bila kuniangalia. "Mukia ikipita urefu ya mbegu, inakuwaka uchungu."

Nilimuuliza alijuaje. Akaendelea kugeuza. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Kule milimani, kabla ya vita, mumewe alipokufa na kumwachia watoto wanne, yeye alipika pombe ya mtama. Siku za soko watu walipanga mstari mlangoni kwake. Mume wangu alikua kwa pombe ile, alivishwa na pombe ile, na hajui mpaka leo, maana alikuwa mdogo. Baadaye mama aliokoka, akavunja vyungu, akakimbia na watoto na Biblia. Huku hakuna aliyemjua wa zamani. Aliposimama kanisani kutoa ushuhuda wake, sehemu ile aliiruka.

"Basi waambie Alhamisi," nikasema. "Waambie hii si njia ya pombe."

"Nikibaambia, batauliza nilijulia wapi."

"Na ujibu."

"Nitakaa nyuma."

Nilisema neno ambalo wengine wangelijutia. Nilimwambia: "Mama, wewe una benchi mbili za kuchagua. Mimi nina mutoto mumoja." Alimtoa binti yangu mapajani, akamlaza juu ya mkeka vizuri, akaenda nje kuanika mtama.

Alhamisi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Kanisa letu lilikuwa la udongo, madirisha bila mbao, upepo unaingia na vumbi la barabara. Mwenyekiti alinionyesha mahali pa kupiga magoti. Nikabaki nimesimama. Akanionyesha tena. Nikasikia kiti cha mbele kikilia, na mama mkwe alikuwa ameinuka.

"Mwacheni huyu," alisema. "Pombe inatakaka chungu, inatakaka chachu, inatakaka kulala siku mingi. Huyu anaanika, anasugua, anasaga, anatia kijiko kimoja mu uji ya moto. Nani analewa kijiko kimoja?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Mwenyekiti akamuuliza, kwa heshima kabisa, hayo yote aliyajulia wapi.

"Nilipika pombe myaka tatu. Katika hawa wote, mi njo najua."

Hakulia. Hakupiga magoti. Alikaa chini akanyoosha nguo yake kwenye magoti, na mimi nilitamani mtu yeyote aseme kitu, hata kitu kibaya. Mwenyekiti alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango wa jikoni akakuta chumba cha kulala. Walijadiliana muda mrefu. Mimi nikaachiliwa. Yeye, kwa kuficha, wakamweka nyuma mpaka Pasaka.

Wiki mbili zilipotimia nilienda Base Camp. Utepe uliishia kwenye kijani, kwa upana wa ukucha tu, lakini kijani. Muuguzi aliniuliza nimempa nini. Nikasema uji. Sikuwa na nguvu ya kueleza, na nilihisi nikianza kueleza nitapiga kelele.

Kumshukuru sikujua namna. Alikuwa amekaa siku tatu kando ya kitanda changu akipima bei ya jambo ambalo mimi ningelifanya palepale, na hilo lilinikera, na linanikera bado. Lakini mimi sikuwa na kiti cha mbele. Jumapili ya Meza nilimkuta benchi ya nyuma peke yake, mgongo umenyooka vilevile, watu wameacha nafasi kila upande kama aliyebeba kitu kinachomwagika. Nikakaa kwenye nafasi hiyo. Binti yangu akahamia mapajani kwake mara moja, akasinzia. Mbele waliimba taratibu, sauti zikifika nyuma zimechoka. Sahani ya mkate ilipita mkono kwa mkono, ikaishia safu ya tatu kutoka kwetu. Nikaona mkono wa mama mkwe umeinuka kidogo, kwa mazoea. Ukakaa hewani. Kisha ukashuka ukamshika binti yangu mguu, chini ya goti, pale palipokuwa pameanza kujaa.