Finjani ya Bwana Ghassan

Taufiq, fundi wa kanzu wa mtaa wa Langoni, alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza alipewa na Mola, nayo haikuwa na la kusifiwa. Ya pili aliitengeneza mwenyewe: sauti ya mzee mkorofi mwenye mafua yasiyopona, ambaye alimwita Mzee Kizibo. Kila Alhamisi baada ya Alasiri aliipeleka kwenye redio ya mji, katika kipindi cha siasa na vichekesho kilichoitwa "Kahawa Tungu", yaani kahawa chungu.

Kipindi kilikuwa na desturi yake. Mwanasiasa akialikwa, kwanza humiminiwa finjani ya kahawa. Anainywa mbele ya kipaza sauti, wasikilizaji wanamsikia akiifyonza, ndipo mjadala uanze. Bi Alawiya wa Mkomani, mwendeshaji wa kipindi, aliuliza maswali ya bajeti na barabara kwa adabu zote. Maswali yenyewe hasa yaliulizwa na Mzee Kizibo, tena kwa mzaha, maana mjini humu mtu mzima hakabiliwi usoni. Ukitaka kumwambia ni mwongo, sharti kwanza umchekeshe. Kwa miaka kumi na mmoja Taufiq ndiye aliyemimina kahawa, na ndiye aliyechoma kwa mzaha.

Halafu akaletwa Hayat.

Binti wa mkulima wa tumbaku wa kisiwa cha Pate, miaka ishirini na minne, mdogo wa umbo, mpole ukimwamkia. Ila akiwekewa kipaza sauti aligeuka Bi Kero, mwanamke aliyepanga foleni tangu alfajiri katika kila ofisi ya serikali na hajahudumiwa hata moja. Alhamisi ya kwanza Bi Alawiya alicheka mpaka akavua miwani. Ya pili, simu za wasikilizaji zilijaa. Ya tatu, Bi Alawiya akasema, "Bwana Taufiq, mpe Hayat dele la kahawa amimine yeye. Inapendeza mwanamke akimkaribisha mgeni."

Inapendeza. Kwenye redio, ambako hakuna anayeona! Taufiq alilisukuma lile dele la shaba kwa vidole viwili.

Tangu hapo mji ulimchoma kwa sindano zake mwenyewe. Wateja waliokuwa wakiingia dukani na kusema, "Mzee Kizibo, yeo utamnyoa nani?" sasa waliuliza, "Yule mtoto wa Pate atakuwako?" Mkewe, Radhiya, naye alicheka jikoni peke yake. Taufiq alipomuuliza anacheka nini, akajibu, "Nimemkumbuka Bi Kero." Radhiya hakuwahi kumkumbuka Mzee Kizibo jikoni. Na yule muuza mbaazi wa pale kona akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Chanda chema huvikwa pete, Bwana Taufiq. Msichana ana kipaji." Siku hiyo Taufiq alikata kola ya kanzu ndogo kuliko shingo ya mwenyewe.

Alikuwa na wivu, nasi tusimfichie. Alimwonea Hayat wivu wa vicheko, wa simu, hata wa ile pumzi ndogo aliyoivuta kabla ya kumaliza mzaha, ambayo Taufiq alijaribu kuiiga chumbani akaishia kukohoa. Usiku wa kuamkia Alhamisi hakupata usingizi, na Alhamisi yenyewe aliomba Mungu msichana aamke na koo limekauka.

Ikaingia Shaaban. Zikabaki Alhamisi mbili kabla ya Ramadhani, ambapo kipindi hupumzika. Jumanne walipokaa kupanga, Hayat alikuja na chupa ya plastiki yenye maji.

"Haya ni mai ya tangi la Pate," alisema. "Lile alilolifungua Bwana Ghassan, akakata utepe, akapigwa picha. Yana tumvi. Alhamisi yuwaya yeye, ndiye mgeni wetu. Nitampikia kahawa kwa mai haya haya. Ataikataa vipi? Kahawa ya mwenyeji haikatawi. Ainywe, kisha Bi Kero amuulize: ladha yake vipi, mheshimiwa?"

Bi Alawiya alishika kinywa. Taufiq naye alicheka, kwa sababu hakuweza kujizuia, na papo hapo roho ikamwaka. Mzaha ule ulikuwa mwepesi, halali, na ulikuwa na meno. Miaka kumi na mmoja amekaa na lile dele mkononi, na hakuwahi kufikiria kubadilisha maji matamu kwa ya chumvi.

Kesho yake akaingia dukani Bwana Ghassan mwenyewe, mwakilishi wa wadi, kupimiwa kanzu ya Ramadhani. Alisimama ametanua mikono, tumbo mbele, Taufiq akamzunguka na utepe wake, pini nne mdomoni.

"Kesho mtanitega kwa lipi?" aliuliza Bwana Ghassan.

Mtu mwenye pini mdomoni ana sababu njema ya kunyamaza. Taufiq alizitoa, moja baada ya moja, akazichomeka kwenye mto wake. Kisha akasema, "Tahadhari na kahawa, bwana. Itapikwa kwa maji ya tangi lako."

Bwana Ghassan alimtazama kwenye kioo, akashukuru, akaomba mikono iongezwe urefu kidogo.

Alhamisi, Hayat alimimina. Harufu ya tangawizi ikajaa studio. Bi Kero akaanza kwa madaha, "Karibu mheshimiwa, nimeipika kwa mikono yangu."

"Ahsante binti yangu," alisema Bwana Ghassan kwa unyenyekevu mkubwa. "Lakini yeo Alhamisi, na huu ni mwezi wa Shaaban. Nimefunga."

Nani atamshurutisha aliyefunga? Hayat alibaki na finjani mkononi, uso umempauka, naye Bi Kero akapotea kabisa. Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mwanamume aliyeuliza kama watoto wa siku hizi hawafunzwi haya. Ya pili haikuwa na upole hata huo. Ndipo Mzee Kizibo akajikohoza, akarusha kichekesho chake cha zamani cha mbuzi na karani, na watu wakacheka kwa kupata nafuu. Taufiq alisikia tamu mpaka kisogoni.

Utamu ule haukufika Magharibi. Bwana Ghassan alipita dukani kuchukua kanzu, akimalizia sambusa, akaifuta mikono vizuri asije akaitia kanzu mafuta.

"Ni suna," alisema, akicheka. "Mwenyewe huifungua atakapo."

Wiki ile Hayat aliandamwa. Mwanamke mmoja alimsimamisha njiani, mbele ya watu, akamwambia amemtia aibu baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilichomla Hayat, fundi wa nguo mwenyewe, kilikaa kimya siku saba, kikishona.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani haina mgeni. Ni siku ya kutakana radhi, kama mji mzima unavyotakana radhi mlango kwa mlango, mtu aingie kwenye mfungo akiwa mwepesi. Bi Alawiya aliwaomba msamaha wasikilizaji. Hayat akamwomba radhi Bwana Ghassan, kwa sauti ndogo, kwa kumkaribisha kahawa mtu aliyefunga.

Zamu ikamfikia Taufiq. Neno lilikuwa limemkaa kooni siku saba, na kusema alitaka. Lakini alikuwa mwoga, akalitoa kwa mafua ya Mzee Kizibo: "Mie ndiye niliyemwambia mheshimiwa kahawa ile ilipikwa kwa mai ya tangi lake la Pate! Mie, kwa husuda yangu!"

Bi Alawiya akaangua kicheko. Simu zikawaka zote kwa pamoja. Mtu alipiga kutoka Pate akisema hajacheka hivyo tangu azaliwe. Hakuna aliyesadiki. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupata, alichokililia mwaka mzima, nacho kilimshuka kifuani kama jiwe.

Hayat pekee hakucheka.

"Ami Taufiq," alisema, "sema kwa sauti yako."

Taufiq aliitafuta. Ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu anayeuliza bei ya uzi. "Ni kweli, mwanangu. Nilimwambia nikimpima kanzu. Nilikuonea wivu. Niwie radhi."

Simu zikazimika moja moja. Bi Alawiya alikazia macho meza. Hayat aliinama, akatoa chini ya kiti lile dele la shaba, na Taufiq akasikia kahawa ikimiminwa taratibu. Finjani ikasukumwa mbele yake, karibu na kipaza sauti.

"Nimekuwia radhi, ami," alisema Hayat. "Karibu kahawa."

Aliijua kabla haijamfika mdomoni: ni ile ya maji ya tangi. Hakuwa amefunga, na kahawa ya mwenyeji haikatawi. Akainywa, na mji mzima, na Pate, na Bwana Ghassan popote alipokuwa, wakamsikia akifyonza, akipaliwa, akikohoa bila mafua ya kuigiza.

Ndipo Hayat akavuta ile pumzi yake ndogo, na Bi Kero akarudi.

"Ladha yake vipi, mheshimiwa?"

"Tumvi," alisema Taufiq.

Kicheko kilisikika mpaka nje barabarani. Taufiq aliketi na chumvi kooni, machozi yakimtoka, akajua huo ndio mzaha mzuri kuliko yote aliyowahi kuisikia katika kipindi kile. Na Mungu amsamehe, roho ilimuuma kwamba haukuwa wake.