Tanzia ya Mzee Luhende

Siku yangu ya kwanza redioni hapa Bariadi nilipewa vifo. Nilifika na kitenge kipya, nikidhani nitahoji wakuu wa wilaya. Mhariri wa Habari akanikabidhi matangazo ya misiba na kuniagiza nipigie simu kila familia kabla ya kusoma. Nikanuna. Aliniona, akasema taratibu, "Binti, mkuu wa wilaya ukimkosea, kesho atakupigia simu. Hawa marehemu hawatapiga." Nyinyi vijana wa siku hizi, mnaobofya na kurusha, shikeni hilo kwanza, mengine yatafuata.

Baadaye nilipelekwa Maswa kuwa mwakilishi, yaani ripota anayekaa wilayani peke yake na kinasa sauti chake, kisha Meatu. Nikarudishwa Bariadi kuwa mhariri wa zamu, yule ambaye habari haiendi hewani mpaka aipitie. Kote huko nilikuwa naandika tanzia. Msiichanganye na tangazo la kifo. Tangazo linasema nani kafariki na anazikwa wapi. Tanzia inasema aliishije, na hapo ndipo penye kazi. Katika habari nyingine tunatafuta mizania, kila upande useme lake. Kwenye tanzia upande mmoja umeshanyamaza.

Basi akafariki Mzee Luhende wa Nkololo. Aliyewahi kuibiwa ng'ombe upande ule alimjua. Ukipigwa mwano, lile yowe la kuita wanaume wafuate nyayo, yeye ndiye aliyetangulia, akisoma kwato hata kwenye changarawe. Na watu wazima walijua alikojifunzia. Ujanani aliiba ng'ombe, akakamatwa, akafungwa.

Meneja wa Vipindi, kijana mwema ila ana haraka, alishaandaa kichwa cha habari: Mwizi wa Ng'ombe Afariki Dunia. Akasema mtandaoni wataifungua wengi. Nikamwambia ni kweli, na mjane wake naye ataifungua. Tukiwa bado tunabishana, akaingia Mwalimu Shija, mtoto wa marehemu, macho yamemvimba kwa kulia. Yeye alitaka kinyume chake, jela isitajwe kabisa. Binti yake alikuwa ameposwa na kijana wa Lingeka, mahari bado, na wazee wa huko walikuwa njiani kuja kuzika.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "ukiitaja jela, mwanangu ataachwa."

Nilimhurumia, jamani. Nami ni mzazi.

Lakini nikamkumbuka Mzee Jilala, mwenye ng'ombe walioibwa. Yuko hai, kijiji hicho hicho. Tukimsifu marehemu kana kwamba hakuna kilichotokea, tutakuwa tunamwambia Jilala kwamba njaa iliyoipata nyumba yake baada ya wizi ule aliiota. Nikapanda bodaboda hadi Nkololo. Nilimkuta pale pale msibani, anawapasulia wafiwa kuni. Nilimwamkia kwa Kisukuma, tukasogea pembeni, nikawasha kinasa sauti.

"Aliniibia," alisema. "Watoto wangu walikosa maziwa kwa sababu yake. Alipotoka jela alikuja kwangu mchana, watu wakiona, akasema, ni mimi. Nilikuwa sina maksai wa kulimia. Akanilimia pamba kwa jembe la mkono mpaka msimu ukaisha. Tangu hapo, nikisafiri, zizi namwachia yeye."

Familia haitoi kibali cha habari, ila isiisikie kwa jirani kwanza. Kwa hiyo kabla ya kurusha chochote niliwakalisha Mwalimu Shija na mama yake, nikawasikilizisha sauti ile. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mama yake ndiye aliyesema.

"Isome hivyo hivyo. Huyo ndiye niliyeishi naye."

Tukaisoma jioni. Tulianza na nyayo alizowafuatia watu, wizi tukautaja kwa sentensi moja bila kuupamba, kisha sauti ya Jilala. Meneja mwenyewe akabadilisha kichwa: Mfuata Nyayo wa Nkololo Afariki. Wazee wa Lingeka waliisikiliza wakiwa msibani, kwenye simu ya mtu. Mwalimu anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkubwa wao akakohoa.

"Hilo tulilijua kabla hatujaleta posa," akasema. "Tulikuwa tunangoja tuone kama mtatuficha."

Kisha, kwa kuwa watu wa Lingeka ni watani wa Nkololo, na watani hawakosi neno hata penye kilio, akauliza kama ng'ombe wao wa mahari wakifika hapo watalala salama. Hata mjane alicheka.

Sasa nimestaafu. Nafuga kuku na kuikaripia redio. Nikisikia tanzia iliyosafishwa mpaka marehemu hana hata jirani aliyewahi kugombana naye, nazima. Nikisikia inayomvua nguo mtu aliyeko kaburini, nazima pia, na kuku wananisikia ninavyosonya.

Juzi juzi Mwalimu Shija alipita kwangu na binti yake, ambaye alikuwa na mtoto mgongoni. Nikauliza mgeni wetu anaitwa nani.

"Luhende," binti akajibu, akamshusha ili nimwone vizuri.