Habari Tuliyoipeleka Kiwanja

Kambale alikufa kwa homa ya matumbo hapa Goma wakati barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa na vita. Tulimzika bila mama yake, ambaye anaishi Kiwanja, karibu na Rutshuru, na hakujua lolote. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Kwetu kifo cha mtoto hakitangazwi kwa mzazi kwa simu. Habari hiyo inapelekwa na mtu, uso kwa uso, na haisemwi kabla mzazi hajala, kwa kuwa akishaisikia hatagusa chakula kwa muda mrefu, na kulia kwa tumbo tupu kunaweza kumwangusha.

Kasereka, mdogo wake marehemu, ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wapangaji wa ua mmoja katika mtaa wa Mapendo. Yeye anaendesha pikipiki ya abiria, mimi nafundisha darasa la tano la shule ya msingi. Kila mara mama yake alipopiga simu, Kasereka alimwambia kwamba Kambale yuko Walikale kwenye kazi, fasi ambayo mtandao haushiki. Shule zilipofungwa kwa vakansi ya Pasaka na barabara ikafunguliwa, alikuja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, tuende wote," akasema. "Nikienda peke yangu nitageuka pa Kibumba."

Nilikubali upesi. Mimi ni mtu ambaye miguu yake haitulii, na barabara ile ndiyo ya ujana wangu. Zamani, kila vakansi, nilipanda juu ya magunia katika lori lolote lililokuwa linaelekea kaskazini, bila sababu ila kutaka kuona kilicho mbele. Niliona haya kidogo kufurahi.

Asubuhi, Mapendo. Tulifunga nyuma ya pikipiki sabuni, sukari, chumvi na mfuko wa sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwa letu. Kasereka alitaka kuongeza kikwembe kipya cha mama yake kujifunga. Nilimkatalia.

"Ukifika na vitu mingi vile, atajua kila kitu mbele hata ushuke kwenye pikipiki."

Alikirudisha ndani bila kubisha.

Tulipita Kanyaruchinya, ambako mahema ya wakimbizi yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukingo wa barabara. Sasa ni mawe meusi tu, na viatu vya plastiki visivyo na wenzake. Nyiragongo, ule mlima wa moto, ulikuwa umejifunika wingu. Mgongo wa Kasereka mbele yangu ulikuwa mgumu kama mlango.

Kibumba. Baridi ya huko inaingia hata kwenye meno. Tulisimama kunywa chai karibu na watu waliokuwa wanapakia kabichi kwenye chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ambayo yanateremka hadi Goma kwa uzito wao wenyewe. Mmoja wao, mwanamume mfupi mwenye koti la mvua, alimtambua Kasereka.

"Eh, mudogo ya Kambale! Angalia hii mashini," akapiga ubao wa chukudu yake kwa kiganja. "Kaka yako ndiye aliichonga. Imenizalia watoto wawili, bibi analala na mimi sababu ya hii!"

Wenzake wakacheka. "Bibi analala na chukudu, haiko na wewe!" mmoja akamtania.

"Umusalimie sana," yule mfupi akaendelea. "Umwambie gurudumu ya mbele inaanza kulia. Aje aiangalie."

Kambale alikuwa fundi wa chukudu. Alichagua mkaratusi wake mwenyewe, akaugonga kwa ngumi na kuusikiliza kabla ya kuununua. Nilimtazama Kasereka. Mama hajaambiwa, mtu wa njiani hawezi kumtangulia.

"Nitamusalimia," akajibu, akaiacha chai yake nusu.

Kutoka Rugari hadi Rutshuru. Hapo ndipo nilipoikumbuka barabara yangu na kuikosa wakati mmoja. Nilijua kona ambapo mama mmoja alikuwa anauza mahindi ya kuchoma. Kona ipo, nyumba yake haina bati. Kwenye barieri askari kijana alituuliza tunakwenda kufanya nini.

"Kusalimia mama," Kasereka akasema.

"Bahati yenu," yule askari akajibu, na nadhani alisema kwa kweli. Akashusha kamba.

Baada ya barieri joto lilipanda, migomba ikaanza, na Kasereka akapunguza mwendo. Alienda polepole kama mtu mwenye mayai. Mtu wa miguu karibu atupite. Sikumharakisha.

Kiwanja, mchana. Mama yao, Mama Kavira, alikuwa anaanika mihogo. Alipotuona alipiga kigelegele, akamshika Kasereka mashavu.

"Umekonda! Goma haiko na chakula? Na mwalimu naye, nywele imeanza kukimbia!" Halafu akatazama nyuma yetu, barabarani. "Na Kambale?"

"Mama, tuna njaa," Kasereka akasema.

Alipika bugali, sombe ya majani ya mihogo na maharagi, akakaanga sehemu ya sambaza wetu. Tulipanga njiani kwamba tutakula pamoja, kisha Kasereka atasema. Tulisahau jambo ambalo kila mtoto wa kule analijua: Mama Kavira hali kabla wageni hawajashiba. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akitungojea. Na Kasereka alikuwa hawezi kumeza. Alifinyanga tonge moja, akalizungusha, akalirudisha.

Basi nikala mimi. Nilikula fungu langu, nikaingia katika la Kasereka. Jasho lilinitoka.

"Mwalimu, unakula kama mutu ambaye anajenga nyumba," Mama Kavira akacheka.

"Ni tamu, mama. Sasa na weye ukule."

"Nitakula. Kasereka bado."

"Kula tu, mama," Kasereka akasema. "Kula mbele. Tafazali, kula."

Kicheko kilikatika. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi na sahani zangu mbili. Nikaona kwamba ameelewa. Yeye mwenyewe, katika maisha yake, amewahi kumbembeleza mtu ale namna ile.

Alijisogezea bugali, akakata tonge, akachovya, akameza. Akakata lingine. Alikula taratibu, macho kwenye sahani, mpaka ikaisha, na hakuna chakula nilichowahi kuona kikiliwa kwa uchungu kama kile. Akanawa mikono. Akafunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Nimekula," akasema. "Sema."

Kasereka alisema. Majirani walisikia kilio cha mama, wakaingia bila kubisha hodi, na ua ukajaa wanawake.

Jioni, Mama Kavira alipopata sauti tena, alimwita Kasereka mbele ya watu wote.

"Nani alimunawisha, siku ya kumuzika?"

"Mimi na mwalimu, mama."

"Maji ya moto ao ya baridi?"

Siku zile mjini makala, makaa ya kupikia, yalikuwa hayapatikani, na maji tulichota ziwani. Mama anayeuliza hivyo anataka kusikia kwamba mtoto wake alitunzwa. Kasereka angeweza kudanganya, nami ningemuunga mkono.

"Ya baridi, mama. Hatukupata makala."

Mama Kavira aligeuza uso ukutani. Toka hapo hakumwambia Kasereka neno. Kilio kilikaliwa, watu wakaimba na kusali, naye aliongea na kila mtu isipokuwa yeye. Alipotaka kitu kutoka kwa mwanawe, aliniambia mimi.

Kurudi. Kilio kilipokwisha, aliniambia, "Mwalimu, mwambie dereva wako niko naenda kumuona mutoto wangu." Tulipanda watatu, yeye katikati, mikono yake ikiwa imeshika chuma cha kiti wala si kiuno cha mwanawe. Pale Kibumba, Kasereka alisimama mwenyewe, akamtafuta yule mwenye koti la mvua na kumwambia. Yule alilaza chukudu yake chini pamoja na mzigo, akavua kofia. Njia yote iliyobaki niliwaza hivi: habari mbaya haimalizwi kwa kuisema. Aliyeileta anabaki nayo, mpaka aliyeletewa akubali kuishika pamoja naye.

Goma, makaburini upande wa barabara ya Sake. Ardhi ile ni lava, haichimbiki sana. Tulikuwa tumemfunika Kambale kwa mawe. Kasereka alibaki mbali, karibu na pikipiki. Mama Kavira alisimama mbele ya msalaba.

"Mwalimu, nisomee majirani yake."

"Wa kushoto ni mama mmoja, Furaha. Wa kuume ni mutoto, Bahati."

Akawageukia kama mtu anayehamia mtaani. "Mama Furaha, jambo. Huyu ni wangu. Anakoroma, umuvumilie. Bahati, anajua kuchonga vitu vya kuchezea. Umuombe, hatakatala."

Mvua ilikuwa imeteremsha mawe miguuni mwa kaburi. Aliinama, akajaribu kuinua moja, likamshinda. Niliposogea kumsaidia alinizuia kwa mkono.

"Kasereka," akasema, bila kugeuka. "Leta jiwe."