Mkasi wa Mashoto

Juzi mjukuu wangu alikuja kwenye duka langu la ushonaji huku ughaibuni, Walthamstow, na mkasi aliopewa shuleni. "Babu, huu ni wa mashoto," akasema. Nikaushika kwa mkono wangu wa kushoto, ukakata bila kunibana. Uzee wote huu na sikujua kuna mkasi wa namna hiyo.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule nyumbani, mama aliponipeleka kwa fundi cherehani. Shule nilikuwa nimeikimbia, maana mwalimu aliuchapa mkono wangu wa kushoto kila uliposhika kalamu. Kibanda kilinuka mafuta ya cherehani na mkaa wa pasi. Vijana wa fundi wakacheka: "Mashoto huyo atatushonea kanzu za shetani." Nikapewa kitambaa nijaribiwe kukata kola. Mkasi ukanichubua gumba, kitambaa kikajikunja tu. Nikaamini hata chuma kinajua mkono wangu ni mchafu.

Sikuuachia. Nikavuta gumba kwa ndani, makali yakakutana, nikakata kola mpaka mwisho. Fundi akaiinua kwenye mwanga, akawatazama waliocheka.

"Nani mwingine hapa anakata hivi?"

Vijana wakainamia vitambaa vyao, fundi akanigeukia.

"Mashoto, kesho njoo mapema."

Kumbe ule mkasi ulitengenezewa mkono wa kulia, basi. Na bado niliushinda. Tazama kibao cha duka langu: kimeandikwa Mashoto.