Kwenda Kasulu Kumwona Kijana wa Visima Vilivyokwisha

Binti yangu Edina aliponiambia mchumba wake anafanya kazi Uarabuni, kazi ya kutoa mafuta kwenye visima vilivyokwisha, nilivaa viatu. Shule niliishia darasa la tatu, na bati la nyumba yangu nimelipata kwa jembe na maharage, lakini najua kilichokwisha kimekwisha. Desturi ingetaka nitume mtu akapeleleze. Sikutuma. Mtu ukimtuma kwenye nyumba yenye pombe, hurudi amesahau alichotumwa.

Kijijini kwetu Kumsenga niliondoka asubuhi kwa pikipiki, Kibondo mjini nikapanda basi. Siku hizi kuna lami. Abiria waliozoea kulalamikia mashimo sasa wanalalamikia upepo wa dirishani.

Karibu na Makere, jirani yangu kitini, mwalimu mgeni wa mkoa huu, aliniuliza naendea nini. Nikamweleza.

"Hiyo ni teknolojia ya hali ya juu, mzee."

"Inafanyaje kazi?"

Akageukia dirisha.

Kasulu nilifika mchana. Filimoni, baba wa kijana, alinikalisha uani. Mkewe akaleta chungu cha pombe ya mtama, machicha yamejaa hadi mdomoni, tukachomeka mirija: mimi, Filimoni, mdogo wake Zakaria, na Josia mwenyewe, ambaye ndiye mchumba, amekuja likizo. Tulivuta hadi chungu kikakoroma. Mama akaongeza maji ya moto, kama ilivyo kawaida.

"Haya kijana," nikasema, "unatoaje mafuta pasipo mafuta?"

"Yapo, baba. Yameng'ang'ania ndani ya mwamba, kama pombe kwenye machicha. Mwanzoni hupanda yenyewe. Yakichoka, tunatoboa shimo la pembeni tunasukuma maji. Yakiwa mazito, tunapuliza mvuke."

"Kumbe kazi ya mama yako!"

"Ndiyo, ila maji ni majanja. Hutafuta njia rahisi, yakafika kwenye mrija peke yake, mafuta yakabaki. Kwa hiyo tunatia dawa maji yawe mazito, yaende polepole yakisukuma kila kitu. Pengine tunatia kitu kama sabuni, king'oe mafuta kwenye jiwe."

"Sabuni! Kwenye chungu cha watu?"

Zakaria akacheka hadi akapaliwa. Josia hakucheka. Aliinuka, akashika mrija wangu, akauchomoa.

Mama yake akashika kichwa. Kwetu mrija wa mzee haushikwi, na wa baba mkwe hata hautazamwi. Filimoni akanong'ona, "Josia, umejifungia mlango." Nami nilikuwa nimeshainuka, natafuta kofia yangu.

"Baba, ulikuwa umechomeka pale pale mama anapomimina," akasema Josia. Akauchomeka upande wa pili, chini kabisa. "Ukishavuta, nifukuze."

Nilivuta ili nipate haki ya kumfukuza. Ilikuwa pombe kali, kama ya maji ya kwanza. Nikaketi tena.

"Na mnajuaje kwamba sasa basi?"

"Gharama ya kusukuma ikizidi kinachotoka, tunashauri kisima kifungwe."

"Wakubwa wenu wanafunga?"

"Wanaitisha kikao, baba."

Hapo nilimwelewa vizuri. Mimi ni mwanachama wa chama cha mazao ambacho chungu chake kilikauka zamani, na viongozi hawajatoa mirija midomoni.

Mama akamimina tena, na tena. Mwishowe Josia alionja, akaulaza mrija wake chini. "Sasa ni maji," akasema. Zakaria aliendelea kuvuta, mashavu yameingia ndani. Nilimwacha hivyo nilipoaga.

Kumsenga nilifika jua likizama. Mama Edina alikuwa ameshapigiwa simu na mwenzake wa Kasulu, kwa hiyo hakuniuliza habari za safari.

"Eti kijana amegusa mrija wako!"

"Ameugusa. Anika mtama, tutapokea wageni."

"Umemkubali? Aliyeushika mrija wako?"

"Nimemkubali kwa sababu aliulaza wake."